Uzito wa Kurasa Mia Saba

Sfax, 9 Novemba 2016

Baba yangu mpendwa,

Salamu kutoka kitandani. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Daktari alinishona mlango wa kizazi, akaniambia nilale kwa ubavu wa kushoto mpaka mtoto afikishe miezi minane, niinuke kwa kwenda chooni tu. Nikamuuliza, "Hata nyumba ikiungua?" Akasema, "Ikiungua, wakubebe." Wala hakucheka. Anajua wale wawili wa kwanza hawakufika hata hapa.

Ufa wa dari naujua sasa kuliko uso wa mume wangu. Msimu wa zeituni umeanza na Lasaad yuko kinuni tangu alfajiri. Akirudi ananuka mafuta, na usingizi unamchukua kabla hajavua viatu. Mchana kutwa niko na mama yake. Mama Mongia si mtu mbaya. Ananilisha uji wa bsisa kwa kijiko kama kifaranga, kisha anaweka kiti chake mlangoni na kufuma, na nikijigeuza kidogo tu anauliza, "Unakwenda wapi?" Niende wapi mimi? Ndiyo maana nakuandikia. Simu anaisikiliza yote, na wewe mwenyewe ukishika simu unapiga kelele kama unaita mtu ng'ambo ya bonde, halafu unakata kabla sijamaliza. Hedi wa teksi za Tunis amekubali kutubebea barua.

Shida yangu ni hii. Ile riwaya ya wafuma mazulia wa Kairouan uliyoniletea, kurasa mia saba na jalada la ngozi ya mbuzi, inapendeza kuitazama. Lakini hebu ishike kwa mkono mmoja umelala ubavu! Kurasa tatu, kiganja kimekufa ganzi. Wiki iliyopita iliniponyoka ikaniangukia tumboni. Mama Mongia alipiga ukelele hadi majirani wakaja. Tangu hapo kitabu kimewekwa juu ya kabati, mimi niko huku chini, tunatazamana.

Fauzi, shemeji yangu wa Marseille, anakuja mwisho wa mwaka. Anasema ataniletea kifaa cha kusomea vitabu. Chepesi kuliko sahani, kinabeba vitabu elfu, ukurasa unageuza kwa kidole gumba. Ila hataki kununua kitu kitakachoishia kwenye droo, anataka jibu: nitakitumia au sitakitumia? Nami nakuuliza wewe. Kama binti wa mjalidi wa vitabu atasomea kwenye plastiki, afadhali baba yake asikie kutoka kinywani mwake.

Mtoto anacheza. Mimi sijambo kabisa.

Binti yako,
Wided

*

Tunis, 14 Novemba 2016

Wided binti yangu, mwenye kichwa kigumu kama mama yako, Mungu amrehemu,

Plastiki! Miaka arobaini na sita nimekaa nyuma ya msikiti wa Zitouna nikishona vitabu vya watu, na mwanangu ananiuliza kuhusu plastiki!

Muulize huyo Fauzi, katika hivyo vitabu elfu, vya Kiarabu ni vingapi? Atakohoa. Kisha muulize utavinunuaje, maana kadi za benki zetu hazinunui kitu nje ya nchi. Kila ukitaka kitabu utampigia shemeji yako magoti. Na ukimaliza utamwazima nani? Kitabu changu kikianguka unakiokota. Chake kikianguka unakizika. Halafu utajuaje umefika wapi? Mimi nikisoma, mkono mmoja unaona kitabu kinanenepa, mwingine unaona kinakonda, na moyo unaanza kuhuzunika mapema kwamba hadithi inakwisha. Sasa hicho chako, mwanzo na mwisho unene mmoja. Utafika mwisho kama mtu anayeanguka kwenye kisima.

Ridha mshona kofia, jirani yangu wa duka, alinisikia nikifoka peke yangu. Akaingiza kichwa: "Mzee Tijani, dunia nzima imevua kofia na mimi sijalia. Wewe unalilia jalada?" Nikamfukuza.

Lakini umesema neno moja la kweli, uzito. Hiyo ni kazi ya mjalidi, mwachie mjalidi. Mpe Hedi kile kitabu akirudi huku. Kisha usimjibu Fauzi mpaka upate furushi langu.

Usijali mwandiko huu mkubwa. Kalamu ni mpya, inavuja.

Baba yako,
Tijani

*

Sfax, 24 Novemba 2016

Baba!

Furushi limefika. Mama Mongia alidhani ni biskuti. Nilipofungua nilicheka hadi nikaogopa kwa ajili ya mshono wangu. Umekichinja kitabu chako mwenyewe! Umefumua jalada lile la ngozi, umekigawa juzuu kumi na mbili, kila moja nyembamba kama daftari la shule, na majalada ya karatasi ya buluu. Naishika kwa vidole viwili. Jana nilimaliza juzuu mbili bila kuhesabu ufa wa dari hata mara moja. Zeineb, yule binti wa riwaya, ametoroka nyumbani na nyuzi za baba yake, sijui atafika wapi.

Fauzi nimemwambia asubiri.

Ila niambie, Ridha alikuwa anakupigia umbea gani siku ulipokuwa unashona? Juzuu ya tatu inaanza ukurasa wa 97, inarukia 112, kisha inarudi 105, na huo uko kichwa chini. Juzuu ya tano imepungukiwa kurasa kumi na sita. Zeineb ameolewa kabla hajamjua mume! Mwambie Ridha ashone kofia zake anyamaze.

Nimeshiba, nimelala vizuri, kila kitu kiko sawa.

Wako,
Wided

*

Tunis, 29 Novemba 2016

Wided,

Nimepokea orodha ya makosa yangu. Kitabu kilitoka hivyo kwa mchapaji. Kama hakikufai, mwambie Fauzi alete hiyo plastiki, mjifurahishe.

Nina kazi nyingi dukani wiki hii. Usitarajie barua.

Tijani

*

Sfax, 7 Desemba 2016

Baba,

Barua yako nimeisoma mara ngapi sijui, ni fupi, inasomeka upesi. Hujawahi kuniandikia "Tijani" tupu. Nililia, Mama Mongia akasema kulia kunavuta mtoto chini, akachukua juzuu zote akazifungia kabatini. Siku tatu sikuwa na kitu. Unajua siku tatu ni nini kwa mtu aliyelala? Nasikia wanawake chini wakipiga mazulia fimbo, nasikia watoto wakitoka shule, nasikia funguo za Mama Mongia. Nilisoma maandishi ya kopo la dawa mpaka nikayajua kwa moyo, Kiarabu na Kifaransa.

Na kwa kuwa tumeshagombana, acha nikwambie na lile nililokuficha. Sikuwa mzima. Tarehe 19 nilitokwa na damu, nikalazwa usiku mmoja hospitali. Sikukwambia kwa sababu ungepanda teksi siku ile ile, na presha yako ile. Mtoto hajambo. Damu ilikoma.

Jana Mama Mongia alinionea huruma akanirudishia juzuu. Sikuzisoma, Baba. Niliziangalia. Mimi nimekulia chini ya meza yako, mshono wako naujua. Sindano yako haijawahi kukosa mkunjo. Hizi matundu yake yametoka nje ya mkunjo, uzi umeshika hewa, na kwenye juzuu ya saba kuna alama nne za damu, ndogo ndogo, za mtu aliyejidunga. Na barua zako zote mistari inapanda juu kama inapanda ngazi. Hakuna kalamu inayovuja hivyo.

Nakuuliza mara moja tu, na usinijibu kwa mzaha. Unaona?

Wided

*

Tunis, 12 Desemba 2016

Binti yangu,

Siioni barua yako. Ridha amenisomea. Zote amekuwa akinisomea yeye, tangu ya kwanza, hata ile ya umbea. Alipofika sehemu hiyo alisimama akasema, "Mzee, hapa ninatukanwa, niendelee?" Lakini juzi alipofika kwenye damu ya tarehe 19 hakuweza kuendelea, akaiweka barua chini, akaenda kuufunga mlango wa duka nusu.

Basi sikiliza. Kila ninachokitazama kina ukungu katikati. Pembeni naona. Nikimtazama Ridha naona kofia na viatu, uso sina. Nikitazama ukurasa naona karatasi imezunguka shimo. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi. Ilianza kabla ya harusi ya binti wa Ridha, kwa hiyo ni mwaka na zaidi. Duka nalifungua kila asubuhi kwa sababu sijui mtu anakwenda wapi asubuhi kama haendi dukani. Kazi sina tangu kiangazi. Nakaa. Napapasa ngozi. Watu wakija nawaambia nimejaa kazi, wakaenda kwa mwingine.

Miezi kumi na minne sijasoma kitabu, Wided. Nilipokutukania plastiki yako nilikuwa natetea nyumba ambayo nimekwisha fungiwa nje.

Zile juzuu nilizishona kwa vidole. Ridha alitaka kunipangia kurasa, nikamkatalia, nikamwambia mikono yangu inajua. Haikujua. Uliponiandikia kuhusu zile kurasa nilikasirika, lakini si wewe uliyenikasirisha.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungeinuka kitandani. Ungesema ni siku mbili tu, namwona Baba narudi. Na huko umeshonwa uzi mmoja tu. Sasa umejua, na mimi nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu: usiinuke. Nitaishi bila kukuona. Nimeshaanza kuzoea kutoona.

Barua hii naandika kwa kipande cha kadi nilichokata mwanya, kalamu ipite ndani ya mwanya. Ridha anasema mistari bado inapanda. Mwache aseme.

Baba yako

*

Sfax, 16 Desemba 2016

Baba yangu,

Sijainuka. Nilikaa kitako, miguu ikagusa sakafu, Mama Mongia akasema, "Unakwenda wapi?" na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu. Nikamwambia, Baba yangu haoni. Akaacha kufuma. Akaja, akaniinua miguu yote miwili akairudisha kitandani, akanifunika, kisha akakaa ukingoni akanishika kifundo cha mguu kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mbuzi, mpaka nilipomaliza kulia. Chupa ya mafuta atakayokupa Hedi pamoja na barua hii imetoka kwake. Ni ya mkamuo wa kwanza, hata Lasaad hajaionja.

Nimempigia Fauzi. Nikamuuliza, "Herufi za hicho kifaa zinaweza kuwa kubwa kiasi gani?"

"Kubwa tu. Ukitaka, maneno matano kwa ukurasa. Kwani wewe macho yana nini?"

"Si mimi. Mwanga wake je, unaongezeka?"

"Unaongezeka. Wided, jibu ni ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Lakini kishuke Tunis, kisifike Sfax. Na ukiwekee vitabu vya Kiarabu, hata ukeshe."

Usiniandikie kwamba hutaki. Mimi nina juzuu zako na zinanitosha. Mama Mongia ananisaidia kuzipanga, yeye hajui kusoma lakini tarakimu anazijua za kupimia sufu, anaita "mia moja na tatu, mia moja na nne" na mimi nadaka. Kisha akataka kujua kurasa hizo zina nini. Sasa nasoma kwa sauti na kiti chake kimeondoka mlangoni, kiko kando ya kitanda. Anamchukia mume wa Zeineb kuliko mimi. Kurasa kumi na sita zilizopotea amezijaza mwenyewe, na zake ni chafu kuliko za mwandishi.

Wiki ya ishirini na tano leo. Zimebaki saba kabla daktari hajaanza kutabasamu.

Wako,
Wided

*

Tunis, 8 Januari 2017

Wided,

Kimefika. Fauzi alikileta mwenyewe, akakaa na mimi siku nzima badala ya kwenda kwa rafiki zake, mwambie mama yake amelea vizuri.

Nitakupa hukumu ya fundi. Hakina mgongo. Hakinuki kitu. Ukikifungua hakitoi sauti. Kitabu cha kwanza alichoweka Fauzi, herufi zilikuja zimeachana moja moja kama watu waliogombana, tena zimeanzia upande wa kushoto. Ridha alicheka hadi akakalia kofia mpya. Vitabu vitatu vilikuwa hivyo, tukavifuta. Ubaya niliokuambia mwezi wa kumi na moja sifuti hata mmoja. Kuazima hakuna, kununua ni kumsumbua Fauzi, na bado sijui kama nimefika katikati au mwisho.

Cha nne kilifunguka sawasawa. Fauzi akakuza herufi. "Unaona?" Hapana. Akakuza. "Unaona?" Hapana. Akakuza tena, yakabaki maneno sita tu, nami nikageuza uso pembeni kidogo, namna ninavyomtazama Ridha ninapotaka kuona sikio lake. Nikaona neno. Lilikuwa neno la kawaida, "mlango". Nikasoma la pili yake. Nilisoma sentensi nzima, Wided, kisha nikabonyeza mwenyewe ukurasa uliofuata.

Nasoma polepole kama mtoto wa chuo. Ukurasa mmoja wa zamani ni kama kurasa thelathini hapa, kidole gumba kinauma. Jana nilisoma tangu nilipokunywa kahawa mpaka Ridha alipokuja kufunga.

Kama unaniuliza bado, kinafaa kununuliwa? Kwa mwenye macho na mikono miwili, ahifadhi pesa yake. Kwangu mimi, usiniulize.

Duka nimelifunga. Kwa kweli safari hii. Nasomea nyumbani dirishani.

Lala. Usiinuke.

Baba yako,
Tijani

*

Sfax, hospitali, 12 Februari 2017

Baba yangu,

Hedi amesema ulirudi Tunis salama na kwamba njia nzima hukutaka kukaa mbele. Mimi naendelea vizuri. Ile damu niliyoongezwa baada ya kujifungua imenirudishia rangi, Lasaad anasema sifanani tena na mshumaa. Mtoto leo ana kilo moja na gramu mia tisa. Wamemtoa bomba la puani. Mara nne kwa siku naenda kumwona kwenye sanduku lake la kioo, naingiza mkono kwenye tundu, muuguzi akisema basi natoa. Naye kafungwa kama nilivyofungwa mimi, sijui kwa nini nilidhani yangu ingeisha siku ya kujifungua. Lakini anapumua mwenyewe.

Kuna kitu nataka kukwambia, kwa sababu wewe hukukiona.

Ile siku ya pili ya kuja kwako hapa, ulipokaa kando ya kitanda changu na kutoa kile kifaa mfukoni, uliniambia "nitakusomea kidogo ulale." Hukuwa umenisomea tangu nikiwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa unatazama pembeni, ukutani, namna unavyosoma sasa, hukuona wodi. Nikwambie mimi. Tulikuwa sita. Yule wa dirishani, ambaye mtoto wake alifariki Jumatano, alikuwa amefunika kichwa kwa blanketi tangu siku hiyo hata kula alikuwa hali. Ulipoanza, yule mnene wa Mahdia aliguna: "Sasa tumeletewa redio." Ulisoma maneno sita, ukanyamaza, ukabonyeza, maneno sita, ukanyamaza. Nilikuwa nakufa kwa aibu, Baba, nisamehe. Nilitaka kukwambia inatosha.

Halafu wa Mahdia akaacha kutafuna. Mama wa pacha akazima simu yake. Kila uliponyamaza kubonyeza, wodi nzima ilikuwa inangoja neno, midomo wazi. Muuguzi aliingia na sindano akasimama mlangoni nayo mkononi. Na yule wa dirishani, pale yule msichana wa hadithi alipokataa kurudi kwa kaka zake, alishusha blanketi. Uso wake ulikuwa umevimba. Akakutazama wewe, akasema kwa sauti iliyokauka, "Rudia hapo." Ukarudia, ukadhani ni mimi niliyesema.

Tangu uondoke hawanipi amani. Wa Mahdia ananiuliza asubuhi na jioni, "Mzee wako ametuacha mtoni na yule msichana, anavuka au havuki?" Nikawaambia kitabu kimo ndani ya kifaa, na kifaa kimo mfukoni mwa Baba, Tunis. Akasema, "Hicho nacho ni kitabu gani, kisichoachwa?" Nilijua ungefurahi kusikia hilo, kwa hiyo nimeliandika.

Jana daktari alisema naweza kutoka kesho, mtoto abaki wiki mbili au tatu. Mama Mongia alikuja na nguo na shuka safi, ametandika kile kitanda. "Siku arobaini utalala," akasema, "kila kitu nitafanya mimi." Nikamwambia silali. Akanitazama. Nikamwambia, Mama, umenihifadhi na Mungu akulipe, lakini kwenye kile chumba sirudi mchana. Nitalala usiku kama watu, na asubuhi nitakuja huku kwa miguu yangu. Nilidhani atapiga kelele. Alikunja shuka taratibu, akauliza, "Kwa miguu utapita njia gani?" Nikamwambia ya sokoni. Akasema basi atakuja na mimi, ana sufu ya kununua.

Nimeomba ruhusa kwa muuguzi mkuu. Saa ya kuwaona wagonjwa ni saa tisa, na umekubaliwa kusoma saa nzima. Wa dirishani ameahirisha kwenda kwao. Njoo Alhamisi na treni ya asubuhi. Lasaad atakungoja kwenye jukwaa, na huko kituoni kuna ngazi mbili mbovu na mikokoteni ya mizigo. Mara ile ulipokuja uliusukuma mkono wake ukagonga kitoroli cha chai, vikombe kumi na viwili, Lasaad akanificha mpaka nilipoona goti lako.

Safari hii, Baba, mwachie akushike mkono.

Binti yako,
Wided